Amri Yenye Vizingiti Viwili

Jirani yangu Mama Chausiku aliwahi kuniuliza juu ya ua wa mabua, mikono yake imejaa nguo anazoanua: "Ukifiwa wewe, mimi redio yangu niizime mpaka lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ni mtu wa maneno ya wazi. Nikamjibu, "Mungu atuepushe." Akacheka. "Hiyo ni dua, mwenzangu. Mimi nimekuuliza swali."

Haikupita muda mrefu mume wangu akafariki, Mungu amrehemu, na Mama Chausiku akaizima redio bila kuulizwa. Akakaa kimya hivyo hadi mimi mwenyewe nikamwambia aiwashe, maana bei za mahindi zilikuwa zinatangazwa na yeye ana gunia la kuuza. Lakini jibu la swali lake sikuwa nalo. Nililipata Mawanda.

Namna nilivyofika huko sitaisimulia. Kila msafiri husimulia vumbi la njiani, na vumbi ni lile lile. Nitasema niliyoyaona.

Mawanda ni nchi iliyolala bapa kama ukurasa. Haina mlima. Ina mikoa minne. Kichwani wanakaa wakubwa na vibao vya majina yao. Kifuani ndiko kwenye watu na kazi. Ubavuni ni mkoa mwembamba wa wachuuzi, kila mmoja anakuita ununue kitu ambacho hukukiwaza. Na Miguuni huwekwa anwani, makaburi, na maneno madogo madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Ndani ya mkoa kuna mitaa, ndani ya mtaa kuna nyumba, ndani ya nyumba vyumba, ndani ya chumba kasha, ndani ya kasha kisanduku. Hakuna kitu kinachokaa peke yake. Kila kitu kimo ndani ya kingine.

Wenyewe wanasema nchi yao inatazamwa na watu walio nje, kupitia kioo, ndiyo sababu wanajali mno sura za vitu. Niliwaambia kwamba anayetazama ni Mmoja tu. Wakanijibu kwa adabu: "Na Yeye pia, bibi."

La ajabu ni kwamba vitu vya kule vinasikia. Akisimama mtu mwenye haki ya kutamka, akasema, "Milango iwe ya kijani," milango inakuwa ya kijani palepale, bila fundi, bila kopo la rangi. Mara ya kwanza kuona nilisoma Ayatul Kursi. Mara ya pili nilisogea karibu nione vizuri.

Zamani, walinieleza, nchi nzima ilikuwa na mbiu moja. Mtu akitamka neno popote, lilikwenda kila mahali. Mama mmoja wa Kifuani alitaka kufagia ukumbi wake. Akasema, "Viti visionekane." Vikatoweka. Vikatoweka na vya jirani, na vya shule, na vya Kichwani, na kile alichokuwa amekalia hakimu katikati ya kusoma hukumu. Hakimu alisoma hukumu iliyobaki akiwa chini, na mshitakiwa ndiye aliyemwinua. Mwalimu mmoja naye alitaka maandishi ya ubao wake yasomeke na watoto wa nyuma. Akasema, "Maandishi yote yawe makubwa." Karatasi za chupa za dawa zikawa na herufi kubwa kuliko chupa, na wagonjwa walimeza anachokijua Mungu.

Walichofanya kwanza ni kile ambacho hata kwetu tungefanya: walipaza sauti. Aliyetaka mlango wake usibadilishwe na mwingine aliongeza kiapo. "Mlango wangu uwe mweupe, wallahi!" Kwa sheria ya zamani, neno lenye kiapo lilishinda lisilo na kiapo. Basi kila mtu akaapa. Wakaapa kwa ajili ya mapazia. Wakaapa kwa ajili ya miguu ya meza. Jina la Mola likatajwa kwenye vipini vya sufuria, astaghfirullah, na kila aliyeapa alijikuta yuko palepale alipokuwa kabla ya kuapa, isipokuwa sasa ana dhambi.

Wengine wakaamua kuvipa vitu majina marefu, ili amri ya mtu isije ikaangukia cha mwenzake. Hakuna aliyesema "kigoda" tena. Walisema "kigoda cha jikoni cha nyumba ya Mzee Fulani cha upande wa kuni kilichovunjika". Mgeni akikaribishwa kukaa, chai ilikuwa imeshapoa. Yupo babu mmoja hadi leo anamwita kuku wake kwa majina hayo, na kuku kazoea, anakuja akisikia neno la nne.

Na wapo watu wa ukoo wa Kivuli. Hao walijenga kuta zisizopenyeka na neno lolote, wakasema, "Hatuagizwi na mtu." Wakapata amani. Kisha nchi ikatoa amri njema, taa ziongezwe mwanga kwa ajili ya wazee wasioona vizuri, ikaangaza kila nyumba ila za kwao. Nilipita huko adhuhuri. Bibi yao mmoja alikuwa anatafuta sindano kwa kupapasa, na majivuno yake hayajapungua.

Baada ya hayo yote ndipo wakapata sheria waliyonayo sasa, na sheria hii nimeipenda kuliko nyingi nilizoziona.

Aliyenieleza ni Bwana Tindo, Msoma-Amri wa mtaa niliofikia. Kazi yake ni kusikiliza anayetaka kutamka, kumuuliza maswali, na kumsimamia asikosee. Ni mtu mnene, mpole, mwenye ndevu za buluu. Nilijizuia kuzitazama, lakini aliona.

"Ulizia tu, bibi. Kila mgeni huulizia."

"Umezipaka?"

"Zimenikuta. Nilitamka amri ya shule, dari ziwe buluu, na kule juu ya boriti zilitosha kuingia ndevu tu. Kwetu mwenye kutamka hasimami nje ya neno lake. Anasimama ndani, na rangi ya amri inamkaa sehemu aliyoiingiza mpaka amri iondolewe. Ukitaka kuwavisha watu, uvae kwanza."

Nikawafikiria viongozi ninaowajua mimi.

Akaniambia kila amri sasa ina vizingiti viwili. Kizingiti cha juu ndipo inapoanzia, na haiwezi kugusa kitu kilicho nje yake hata kwa bahati mbaya. Kizingiti cha chini ndipo inapokomea. Mtu anaweza kusema: kuanzia mlango mkubwa wa nyumba yangu, hadi mlango wa chumba cha mgeni, basi nyumba yote itatii na chumba cha mgeni kitaachwa kama kilivyo, mfano wa kitumbua ukikitoboa katikati.

"Na amri mbili zikigombania kiti kimoja?" nikauliza. "Anashinda mwenye sauti?"

"Anashinda mwenye kizingiti cha karibu. Aliye jirani na kiti ndiye anayekijua kiti."

"Hata kama wa mbali ni mkubwa wa Kichwani?"

"Hata kama. Mkubwa wa Kichwani anapajua Kichwani."

Nilimwomba alirudie. Alilirudia, na mimi nikalitia moyoni.

Nilikuwa nimefikia nyumba ya ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa ni Bi Arafa, na nyumba ilijengwa na mumewe, Mbaruku. Mdogo ni Bi Sikudhani, aliyehamia humo na binti yake Mwantumu baada ya kuachika. Mwantumu alikuwa mwari. Hina alikuwa ameshapakwa mikononi, imekolea nyekundu, na wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wanangojewa waje kuitazama.

Lazima nieleze hina ya Mawanda, maana ndipo ilipokuja kuwa shida. Kule mwari hasemi kitu tangu anapopakwa hadi anapoozwa. Hina ndiyo inayosema. Ikiwa imekolea, amekubali. Ikiwa imepauka, amekataa, na posa inakufa hapohapo. Ukoo uliokataliwa hivyo haurudi, wala hauulizi kwa nini. Hakuna anayehoji rangi. Nilimwambia Bi Sikudhani kwamba hiyo sheria ni ngumu. Akasema, "Kwenu je, mwari anaulizwa?" Nikasema anaulizwa. "Na akijibu, anasikilizwa?" Nikamsaidia kuchambua mchele.

Basi katika hali hiyo Mbaruku akafariki. Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Alizikwa kabla ya jua kuchwa, kama inavyotakiwa, na waliorudi kutoka Miguuni walirudi wameinamisha vichwa. Nyumba ikawa na msiba chumba cha mbele na mwari chumba cha nyuma.

Kaka yake marehemu, Mzee Makungu, alikuja na bakora na sauti. Alimpenda ndugu yake. Hilo nalisema kwanza, nisije nikamdhulumu. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Alitaka nchi nzima iwe nyeupe, rangi yao ya msiba, kama ilivyokuwa zamani za mbiu moja.

Kesho yake baraza likakaa uani, Bwana Tindo na wazee wa mtaa, na sisi wanawake upande wetu.

"Alipokufa babu yetu," alisema Mzee Makungu, "nchi hii ilikuwa nyeupe kutoka Kichwani hadi Miguuni. Hata ndizi sokoni zilikuwa nyeupe. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima!"

"Watu walikula ndizi mbichi wakaumwa matumbo," alisema mzee mmoja. "Walishindwa kujua iliyoiva."

"Waliumwa kwa heshima!"

Watu walicheka kidogo, kisha wakakumbuka msiba, wakakohoa.

Bwana Tindo akamuuliza swali lake la kazi, lile analomuuliza kila mtu: "Makungu, huzuni yako inaanzia wapi?"

"Moyoni mwangu."

"Na inakomea wapi?"

Mzee Makungu aliigonga bakora chini. Kisha akasema, "Haikomi."

"Nimekusikia, ndugu yangu. Lakini amri isiyokoma sina ruhusa ya kuisimamia. Nakupa nyumba yake. Uanzie mlango mkubwa."

Bi Arafa hakuwa amesema neno hadi hapo. Alikuwa amekaa mkekani kajifunga nguo ya marehemu kiunoni. Akasema polepole, "Na ikomee mlango wa chumba cha mtoto."

"Shemeji!" alisema Mzee Makungu. "Ndani ya nyumba ya maiti, tundu la harusi?"

"Maiti hayumo tena, shemeji. Tumempeleka."

Wazee wakapima, wakaona mjane ana haki. Kwa mila yao, nyumba ikiwa na matanga wanaotamka ni wawili tu, ndugu mkubwa wa marehemu na mjane. Mzee Makungu akaingia mlango mkubwa, akasimama ndani, Bwana Tindo pembeni yake. "Kuanzia kizingiti hiki hadi kizingiti cha chumba cha Mwantumu, kila chenye rangi kiwe cheupe."

Nimeona mambo katika maisha yangu, lakini sikuwahi kuona weupe ukitembea. Ulipita ukutani, ukashika mikeka, mitungi, moshi wa jikoni. Ulimpata Mzee Makungu mwenyewe, koti, bakora, hadi nyusi. Ulifika mlango wa chumba cha nyuma ukasimama, sawasawa, kama maji yanaposimama kwenye tuta. Ndani ya kile chumba pazia jekundu lilibaki jekundu. Sikusikia kelele wala kuona mtu akivutana na mwenzake. Nikasema alhamdulillahi, hawa watu wamefundishwa.

Ndipo Bi Sikudhani akapiga yowe kutoka chumbani.

Tulimkuta ameishika mikono ya Mwantumu, ameigeuza juu. Hina ilikuwa imepauka. Maua yalikuwepo, mistari ilikuwepo, lakini rangi imekwenda, mikono kama imepakwa chokaa. Mwantumu alitazama viganja vyake, akatutazama sisi, machozi yakimtoka bila sauti, maana mwari hasemi.

"Tindo!" alisema Bi Sikudhani. "Umesema itakomea mlangoni! Umesema!"

Bwana Tindo alisimama nje ya chumba, akashika ndevu zake za buluu kwa mikono miwili. "Amri imekomea mlangoni," alisema. "Tazama pazia. Tazama kitanda. Hivyo vilikuwa na amri yake marehemu, alivitamkia mwenyewe wakati anakitengeneza chumba. Hina je, ilitamkiwa?"

Bi Sikudhani akamtazama dada yake.

"Hakuna aliyeitamkia," alisema. "Basi isiyo na neno lake inarithi. Hina inachukua kutoka kwa mwili, mwili kutoka chumba, chumba kutoka nyumba. Kizingiti cha chini kinazuia amri. Urithi hakiuzuii. Amri ni mgeni, inasimama mlangoni kubisha hodi. Urithi ni mtoto wa nyumbani, unapita." Akainamisha kichwa. "Nililijua hili. Tunalijua sote, na kila mwaka yupo anayelisahau. Mwaka huu ni mimi."

Nilimheshimu kwa kusema hivyo mbele za watu. Lakini heshima haikukoleza hina, na wanawake wa bwana harusi walikuwa wanakuja baada ya alasiri.

"Basi itamkieni sasa!" alisema Bi Sikudhani. "Dada, simama hapa mlangoni, sema hina iwe nyekundu. Imekwisha."

"Akisimama ndani ya kizingiti hiki akatamka wekundu," alisema Mzee Makungu, na safari hii hakupaza sauti, "atakuwa mwekundu yeye mzima, maana pale mwili unapotosha, mwili wote huingia. Nguo, uso, mpaka kope. Utamkaa hadi amri iondolewe. Mjane wa ndugu yangu atapokea wanaokuja kuhani msiba akiwa kama embe bivu. Shemeji, utaliweza hilo?"

Bi Arafa alijishika ile nguo kiunoni. "Siliwezi," alisema.

"Dada!"

"Siliwezi, Siku. Nimelala naye kitanda kimoja ujana wangu wote. Sina cha kumpa tena ila huu weupe."

"Na wewe shemeji?" Bi Sikudhani alimgeukia Mzee Makungu. "Wewe si una haki?"

"Mimi?" alisema. "Nimvulie ndugu yangu nyeupe, hata udongo haujakauka?"

Bi Sikudhani akakaa chini sakafuni. Hapo sikuona mkosaji. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na mtoto alikuwa anapotea katikati ya kweli mbili.

Bi Arafa akarudi mkekani kwake. Nami nikamfuata, maana mjane humjua mjane. Nikamtilia kahawa, nayo ilikuwa nyeupe, lakini ladha ilikuwa ya kahawa. Akanywa kidogo.

"Mwenzangu," akaniuliza, "wewe eda yako uliikaaje?"

"Niliikaa nyumbani kwangu. Bila wanja, bila manukato, bila hina."

"Na jirani zako?"

"Jirani zangu walipaka wanja wao. Eda haikumkalia jirani. Haikumkalia hata mbuzi wangu. Alizaa palepale, tukafurahi. Ilinikalia mimi, ikawa na siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mola hakuiacha bila mpaka."

"Kizingiti chake kilikuwa wapi? Mlangoni?"

Nilifikiri. "Hapana. Mimi mwenyewe. Mwilini mwangu. Nikienda hospitali ilikwenda nami."

Akakiweka kikombe chini. Kisha akaita, na sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba: "Tindo! Kizingiti lazima kiwe mlango?"

Bwana Tindo akaja haraka. "Si lazima, Bi Arafa. Sheria inasema kitu chochote chenye ndani."

"Kisanduku?"

"Kinafaa."

"Chungu?"

"Kinafaa."

"Mkono?"

Bwana Tindo akawageukia wazee. Wazee wakasogea. Mzee mmoja akasema mkono hauna ndani, ni nyama na mfupa. Mwingine akasema hata nyumba ni udongo na miti, hilo si hoja. Wakabishana namna wanavyobishana kule, bila kukatana kauli, kila mmoja akingoja mwenzake amalize, na mimi nikiwa nataka kuwasukuma kwa jinsi jua lilivyokuwa linateremka. Mwisho Bwana Tindo akanyanyua mkono wake mwenyewe mbele ya macho, akaukunja ngumi, akaukunjua, akaukunja tena.

"Unafumba," alisema. "Kinachofumba kina ndani."

Hakuna aliyempinga.

"Lakini mtamkaji anasimama ndani ya amri yake," alisema Mzee Makungu. "Atasimamaje ndani ya mkono wa mtoto?"

Bi Arafa alishaanza kutembea. Alipofika mlango wa chumba cha nyuma hakusita. Akavuka kizingiti, na hakubadilika, maana mle hakukuwa na amri inayomhusu. Akakaa kitandani kando ya Mwantumu. Akautoa mkono wake wa kulia, akanyoosha kidole cha shahada.

"Nipe mkono, mwanangu. Nishike."

Mwantumu alimtazama mama yake kwanza. Kisha akakifumbata kile kidole, kwa nguvu, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole cha mtu.

"Mjane hapaki hina, shemeji," alisema Mzee Makungu kutoka mlangoni. "Kidole ni kidole. Watakaokuja kuhani watakupa mkono. Watakiona. Watauliza."

"Waulize."

"Na mimi niwajibu nini?"

"Wewe si umesema huzuni yako haikomi?" alisema Bi Arafa. "Na yangu haikomi. Lakini huyu hakumuua Mbaruku."

Akavuta pumzi. Bwana Tindo akasimama wima, kama inavyomlazimu.

"Kuanzia kwenye kifundo cha mkono wa mtoto huyu," alisema Bi Arafa, "hadi ncha za kucha zake, mkono huu na mwenzake, hina iwe nyekundu."

Hakuapa. Wala hakusema kwa nguvu. Na amri ya nyumba nzima, iliyosemwa na mwanamume kwa sauti kubwa kutoka mlango mkubwa, ikarudi nyuma mbele ya neno lile dogo, kwa sababu neno lile lilikuwa karibu zaidi. Rangi ilianzia kifundoni ikashuka: mstari, ua, jani, ukucha. Ilikolea kuliko mwanzo, naweza kuapa ila siapi. Nje ya kifundo hapakuguswa kitu. Nguo ya Bi Arafa ilibaki nyeupe, uso wake mweupe, ukuta mweupe, Mzee Makungu mweupe na nyusi zake. Sijaona kazi safi namna ile, si ya sindano, si ya kalamu.

Bi Sikudhani alipiga kigelegele, akajiziba mdomo katikati kwa kukumbuka chumba cha mbele, na kile kilichobaki kikamtoka puani. Hata wazee walicheka.

Mlango mkubwa ukabishwa hodi. Ilikuwa sauti ya wanawake wengi, na mmoja wao alikuwa anauliza mwari yuko wapi.

Mwantumu akafumbua mkono. Kidole cha Bi Arafa kilitoka chekundu hadi kwenye fundo la katikati. Alikitazama. Mzee Makungu naye akakitazama, akavua kofia yake nyeupe, akaikamua mikononi kama nguo iliyolowa. Mwantumu, ambaye hakuruhusiwa kusema, alimshika mama yake mkubwa pindo la nguo, asiende.

Bi Arafa akalitoa lile pindo vidoleni mwake, taratibu, akainuka. Hakukificha kile kidole ndani ya nguo kama nilivyodhani angefanya. Akampita shemeji yake, akawapisha wageni wenye furaha mlangoni, na akatoka kwenda kukaa na msiba wake.